Unga Uliopita Chini ya Maji

Kazi yangu ya kwanza ya ualimu niliipata katika shamba la mzungu mmoja kando ya Ziwa Naivasha, miaka ya mwisho ya hamsini, wakati hali ya hatari ilikuwa haijaondolewa bado na kila mtu mzima alitembea na kipande chake, kile kitambulisho cha serikali. Nilikuwa msichana wa kutoka Rongai, kwenye ngano, ambako maji mengi niliyowahi kuyaona pamoja yalikuwa ya birika la kunyweshea ng'ombe. Sikujua kuogelea, na mpaka leo sijui. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akangoja niruke ziwani kumwokoa mtu.

Shule yetu ilikuwa chumba kimoja cha udongo chenye paa la mabati. Jumapili kiligeuka kanisa, na Jumatatu tulianza kwa kufuta ubao ulioandikwa nambari za nyimbo. Ilisimama kwenye ulimi wa ardhi ulioingia ziwani, mahali walipokaa wakamuaji na familia zao. Ghala, zizi la kukamulia na barabara ya kwenda stesheni vilikuwa upande wa pili, na kati yetu palikuwa na uwanda wa nyasi ambao ungeuvuka kabla hujamaliza kutafuna muwa.

Mwaka ule mvua ilinyesha ikasahau kuacha. Ziwa likapanda. Siku moja tuliuvuka uwanda ule tukilowa vifundo, baadaye magoti, na mwisho ukawa ziwa kama ziwa lingine, viboko wakapita mahali nilipozoea kupita na chaki zangu. Ulimi wetu ukawa kisiwa.

Shamba lilikuwa na mashua moja ya makasia, ndogo, ya mwenye shamba kuvulia samaki. Asubuhi iliwavusha wakamuaji kwenda kazini na kurudi, safari baada ya safari. Ilipopata nafasi ya kubeba posho, yaani unga wa mahindi ambao shamba liliwapa wafanyakazi kila wiki, ilikuwa tayari mchana. Na aliyekaa Naivasha anajua upepo wa mchana. Asubuhi ziwa ni sahani. Saa nane maji yanasimama yakivaa povu.

Mchana mmoja mashua ilipinduka na magunia yote. Waliokuwamo walishika mafunjo wakaokoka, Mungu asifiwe. Unga haukuokoka. Kesho yake mwenye shamba, ambaye wote tulimwita Bwana, alisimama ukingoni akatupa shauri kwa kile Kiswahili chake cha kutembea na fimbo.

"Mashua nabeba watu tu. Unga hapana. Mimi hapana taka mtu kufa kwa sababu ya ugali," alisema. "Kama chakula hapana fika, mwisho ya mwezi watu yote nahama. Iko shamba ya rafiki yangu, juu Keringet."

"Na shule, Bwana?" niliuliza.

"Kule hapana shule."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa mtu aliyehesabu roho za watu, na sikuweza kumlaumu. Lakini darasa langu la nne lilibakiza miezi michache lifanye mtihani. Enzi hizo mtihani wa darasa la nne ulikuwa kama mlango wa boma: aliyepita aliendelea na shule ya kati, aliyebaki nje alipewa ndoo ya kukamulia. Watoto wale wakihamishwa kabla ya mtihani, hakuna ambaye angewafuata Keringet na karatasi za maswali.

Hapo ndipo fundi seremala wa shamba alipoingia katika maisha yangu, na sikuwa nimemwalika. Alikuwa mtu wa maneno mengi na mikono mizuri, aliyekwenda Asia wakati wa vita akiwa askari. Wengine waliorudi kutoka vitani walisimulia bunduki. Yeye alisimulia kutapika.

"Mwalimu, sikiza," aliniambia, ameketi kwenye dawati la watoto, magoti yakigusa kidevu. "Sisi tulikuwa ndani ya meli kubwa kama hii kilima. Bahari inatupa juu, inatupa chini. Watu wanatapika mpaka wanaitana jina ya mama. Halafu ofisa anasema, angalieni, manowari ya adui iko chini. Mimi nikajiuliza: huyu adui ni mjanja! Yeye chini ametulia, pengine anakunywa chai. Sisi juu tunakufa bure."

"Sasa hiyo inahusu nini posho?"

"Inahusu! Toka ile siku nimesema, mzigo ipite chini. Ngano ya kwenu Rongai inapanda treni mpaka Mombasa, halafu inaingia meli kwenda kwa wazungu. Meli ni ghali kwa nini? Kwa sababu ya watu. Mtu anataka kitanda, anataka jikoni, anataka dirisha aone mbele. Ngano haitaki kuona mbele. Ngano haitapiki. Ifunge vizuri, izamishe kidogo, ivute polepole. Itafika."

Mama mmoja, mke wa mkamuaji, aliyekuwa akitupikia watoto uji wa saa nne, alikuwa mlangoni na mwiko mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa msuka vikapu na mtengeneza vibuyu wa kisiwa kizima, na hakuna neno la fundi lililompita bila kulipiwa ushuru.

"Baba, hii miaka yote umezamisha ngano ngapi?"

"Ninangoja vyombo."

"Ngoja. Hata mimi nangoja mume wangu anunue gari."

Nilicheka, lakini usiku sikulicheka tena wazo lile. Nitajaribu kulieleza kama nilivyowaeleza watoto kesho yake, maana si gumu.

Kwanza, kwa nini chini kumetulia. Mtu wa Rongai analijua hili bila kuliona ziwa. Upepo ukipiga shamba la ngano, masuke yanalala yakiinuka, shamba zima linatembea kama mgongo wa mnyama. Lakini inama uangalie kwenye mashina: mdudu anatembea zake, hajui kama kuna upepo. Maji ni hivyo hivyo. Ghasia iko kwenye masuke.

Pili, kitu kuelea au kuzama. Kitu kikiingia majini kinasukuma maji yaondoke mahali pake. Kikiwa chepesi kuliko maji kiliyoyasukuma, maji yanakirudisha juu. Kikiwa kizito zaidi, kinakwenda chini. Na kikiwa sawasawa, hakina pa kwenda. Tulichukua chupa ya dawa, tukaifunga kwa kizibo, tukaitia kwenye karai la maji. Ikaelea. Tukaongeza vijiwe ndani, kimoja kimoja, mpaka ikabaki shingo tu juu. Kijiwe kimoja zaidi, ikazama mpaka chini. Watoto walishindana kuisimamisha katikati, na hakuna aliyeweza. Ama juu, ama chini.

Na tatu, kwa nini ni rahisi kwa gharama. Mzigo ukikaa ndani ya mashua, mashua lazima iwe kubwa kuliko mzigo. Mzigo ukibebwa na maji yenyewe, mashua ni ya kuvuta tu, kama ng'ombe na mkokoteni. Unachotoa ni muda. Ng'ombe hana haraka, na unga ukiwa mkavu hauna haraka pia.

Fundi, aliyekuwa amekuja kutazama, alilikodolea karai macho muda mrefu.

"Inakataa kukaa katikati," alisema.

"Inakataa."

"Basi tusibishane nayo. Tuifanye nzito kidogo tu, halafu tuitundike."

Ndivyo tulivyofanya. Nyuma ya zizi kulikuwa na mapipa matupu ya molasi, ile sukari nyeusi wanayopewa ng'ombe. Fundi aliyakata vifuniko, tukayaosha kwa maji moto na jivu mpaka sisimizi wakakata tamaa. Pipa likijaa unga huelea, kwa sababu unga ni mwepesi kuliko maji, kwa hiyo alilifunga mawe kiunoni kwa waya mpaka likawa linataka kuzama, lakini bila nguvu. Kisha akalitundika kwa kamba ya katani chini ya debe tupu lililozibwa. Debe lilielea, pipa likaning'inia chini yake, kina cha mtu kusimama. Ukiliangalia kutoka ukingoni ungeona debe tu, limekaa majini kama bata asiye na shughuli.

Bwana aliposikia alikuja na sharti lake, na lilikuwa la haki. Chakula kinachosafiri kwa kujificha, siku zile, kingeweza kumpeleka mtu kizuizini. Polisi wangesema kinakwenda kwa watu wa msituni.

"Mapipa napita mchana, macho yote naona. Debe napaka rangi nyeupe. Askari nasimama hapa. Na unga ya kujaribu ni pipa moja tu."

Tukajaribu pipa moja. Lilisafiri vizuri ajabu. Upepo ulipiga mashua, debe likarukaruka, lakini kamba ya pipa ilivutwa taratibu kama mtoto anayeongozwa kwenda kanisani. Fundi alishuka kisiwani akiimba wimbo wa jeshi. Tukaliviringisha pipa ukingoni, tukafungua kifuniko.

Ndani kulikuwa na uji. Uji baridi, mzito, wenye harufu ya ziwa na ya kitu kingine.

Msomaji wa kwetu atakuwa amekwisha kujua kosa letu, kwa kuwa ni kosa la watu wa kwetu tu. Tulikuwa tumeziba kifuniko kwa samadi ya ng'ombe na jivu, kama tunavyosiriba ghala. Mimi niliikanda, fundi akapaka, na hakuna kati yetu aliyewaza mara mbili. Tangu tuzaliwe tulikuwa tumeona samadi ikihifadhi nafaka. Ilikauka ikawa ngumu kama sakafu, tukaipiga kwa vidole tukaridhika. Iliyeyuka kabla mashua haijafika katikati.

Mama wa vibuyu alichovya mwiko ndani ya pipa, akaunusa, akatuangalia mmoja mmoja.

"Mwalimu, na wewe?" alisema. "Samadi inazuia panya. Umeona panya ziwani?"

"Sikuona, mama."

"Huyu mzee wa meli simshangai. Meli ilimtingisha kichwa. Lakini wewe umesoma!"

"Sasa mama," fundi alisema, amechutama, mikono kichwani, "wewe kibuyu ikipasuka unaziba na nini?"

"Sasa ndiyo unauliza? Nta ya nyuki. Nta na mafuta ya kondoo. Nta peke yake inapasuka kwa baridi, mafuta peke yake yanatoka kwa jua. Mbili pamoja zinakaa. Na unapaka ikiwa moto, juu ya kitu kikavu. Mimi nimewaona mkipaka mavi nikafikiri wazungu wa jeshi walikufundisha siri."

"Ungesema!"

"Niseme? Mlikuwa mnaongea nyinyi wawili, nafasi ya mtu wa tatu iko wapi?"

Alikuwa na haki, na baada ya kusema alichotaka kusema, alikunja shuka lake akaanza kazi. Namshukuru kwa hilo kuliko kwa nta. Wapo watu wanaojua na wanaotaka tu ijulikane kwamba walijua. Yeye alikwenda nyumba kwa nyumba akikusanya masega, akawasha moto wake mwenyewe, akachemsha, akatuonyesha jinsi ya kupasha ukingo wa pipa kwanza ili nta ishike. Fundi akaongeza ukanda wa mpira wa baiskeli chini ya kifuniko. Mimi nikaongeza kushika ndoo, maana sikuwa na la kuongeza.

Kumrudia Bwana kuomba unga mwingine hakukuwa rahisi. Mwezi ulikuwa unaisha, na lori la kwenda Keringet lilikuwa limekwisha kuagizwa. Alinisikiliza nikieleza nta na mafuta, akavuta kiko chake.

"Mara ya mwisho," alisema. "Nachukua mapipa nne. Nafika kavu, watu nakaa mpaka mtihani. Nafika uji, lori nakuja Jumatatu."

Siku hiyo sikufundisha. Ningefundisha nani? Kisiwa kizima kilikuwa ukingoni, darasa la nne mbele, wazazi nyuma yao. Ng'ambo ya pili tulimwona Bwana na darubini yake, na askari pembeni. Fundi alikuwa mashuani, na aliyepiga makasia pamoja naye alikuwa mume wa mama wa vibuyu, mkamuaji mwenye mabega ya kazi. Nyuma yao madebe manne meupe yalifuatana kwa kamba.

Saa nane upepo ukafika kwa wakati wake. Mashua ikawa inainua pua na kuizamisha. Madebe yakarukaruka. Lakini kamba haikukatika, na mashua haikurudi nyuma.

"Vuta, baba!" mama alipiga kelele. "Vuta, usikae kama bwana arusi!"

Walipofika katikati, kiboko aliibuka kati ya debe la pili na la tatu. Aliinuka taratibu, akapuliza maji puani, masikio yakazunguka. Kiboko hapendi kitu kinachopita chini ya tumbo lake bila kubisha hodi. Akazama, na debe la tatu likazama naye.

Mtoto mmoja wa darasa la nne alinishika sketi. Nilikuwa ninaangalia pale debe lilipokuwa, na nilichoona ni lori la Jumatatu.

"Kata kamba!" mama alilia sasa, na haikuwa utani tena. "Baba watoto, kata! Acha unga!"

Fundi aliinua panga. Mume wa mama akatikisa kichwa, akaweka kasia chini, akakaa tu. Baadaye alisema kwamba ng'ombe mkali ukimvuta anavuta, ukilegeza analegeza. Wakakaa hivyo, upepo ukiwapeleka upande, mpaka debe likaruka juu ghafla, likageuka mara mbili, likatulia. Kiboko akaibuka mbali, amewapa mgongo. Nafikiri pipa lilimkuna tu, na akaona halina maana.

Walipogusa ukingo, wanaume waliingia majini mpaka kifuani kuyatoa mapipa. Hakuna aliyetaka kulifungua la kwanza. Mwishowe mama alichukua panga kwa fundi, akaibandua nta kama mtu anayemenya kiazi, akainua kifuniko. Alitia mkono mpaka kiwiko, akatoa ngumi, akajimiminia mdomoni.

Akakohoa. Wingu jeupe likamtoka.

"Kavu!" alisema alipopata pumzi. "Kavu mpaka imenimalizia mate!"

Sitaeleza kelele zilizofuata. Pipa la tatu, lile la kiboko, lilikuwa limebonyea ubavuni na lina donge la unga uliolowa ukingoni, kiasi cha mkate mmoja. Mengine yalikuwa mazima. Kesho yake Bwana alivuka na mashua, akachota unga kwa vidole, akaukung'uta.

"Iko mzuri," alisema. "Mimi nalisikia kelele, nafikiri nyinyi naleta meli kumi."

Akafuta lori.

Tangu siku ile posho ilipita chini ya maji kila wiki, na watu wakazoea mpaka wakaacha kuangalia. Fundi tu ndiye hakuzoea. Alikuja darasani jioni moja, akakaa kwenye dawati lake la magoti kidevuni.

"Mwalimu, sasa tumebakiza bahari."

Nilimweleza nilichojua. Kwamba maji ya bahari ni mazito kuliko ya ziwa kwa sababu ya chumvi, kwa hiyo pipa lile lile lingeelea zaidi na lingetaka mawe mengi zaidi. Kwamba ukienda chini sana maji hukandamiza, kwa hiyo usiende chini sana. Pita tu chini ya mawimbi. Kwamba si lazima kiwe chuma. Maji yakisukuma kutoka nje na mzigo ukisukuma kutoka ndani, hata mfuko wa mpira ungetosha, mrefu kama treni, ukivutwa na meli ndogo. Kwamba tatizo kubwa lingekuwa kumwambia nahodha wa meli nyingine kuna nini chini ya debe lako.

"Mawe tunayo," alisema, akiwa ameridhika kabisa. "Na nta tunajua."

Miaka mingi baadaye nilisikia redioni kwamba katika nchi za mbali watu walikuwa wakijaribu kuvuta mafuta baharini kwa mifuko mirefu ya mpira. Nilizima jiko nikasikiliza nimesimama. Fundi alikuwa ametangulia mbele ya haki. Hakupewa bahari, lakini alipewa ghuba moja, na humo alivusha chakula cha watu bila kumzamisha hata mmoja. Ni wengi waliopewa zaidi wakafanya pungufu.

Asubuhi ya mtihani, uliofanyiwa ng'ambo, mama alipika uji kabla ya jua, mzito kuliko siku zote, akaweka maziwa ambayo sikumuuliza aliyapata wapi. Watoto walikunywa wamesimama, nywele zimelowa maji, kila mmoja na kalamu yake ya risasi nyuma ya sikio kama fundi alivyowafundisha. Ziwa lilikuwa sahani. Mashua ilijaa wao, na mimi sikupata nafasi.

"Mwalimu," mmoja aliuliza akiwa ameshikilia ubao wa mashua, "wakiuliza kitu hatujui?"

"Soma swali tena polepole," nilimwambia. "Halafu andika unachojua."

Fundi akasukuma mashua kwa kasia. Niliwaangalia mpaka sikuweza tena kutofautisha vichwa, kisha nikaingia jikoni. Sufuria ilikuwa tupu, imekwanguliwa mpaka chini. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, mwiko mapajani, macho ziwani. Nikakaa karibu naye, tukaiosha pamoja.